Nchi Isiyo na Mwoga Hata Mmoja

Kulikuwa na nchi, na bado ipo, ila msiniombe niwaoneshe kwenye ramani. Jina lake sitalitaja, si kwa kuogopa, la hasha, bali kwa sababu siku ninazozisimulia jina lilikuwa limepelekwa wizarani kufanyiwa marekebisho na lilikuwa halijarudi. Wananchi waliiita "hapa". Ukimwuliza mtu ametoka wapi, atakujibu "hapa", kisha atatazama nyuma yake. Ilikuwa nchi ya amani tele. Hata mbwa walibweka kwa kunong'ona.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Utafutaji na Upatikanaji, na ndani ya wizara kulikuwa na mashine iliyoitwa Ghala la Maneno. Kila kilichoandikwa nchini kilitiwa humo kwa mujibu wa sheria: barua za mapenzi, kadi za kliniki, insha za darasa la tano, mialiko ya harusi, hata yale maneno yanayoandikwa nyuma ya malori. Ukitaka kujua nani amewahi kuandika neno fulani, unaliambia Ghala neno hilo, nalo, kufumba na kufumbua, linakutolea kila karatasi yenye neno hilo, iliyolitaja zaidi ikitangulia juu. Tena lilikuwa na akili ya kulikata neno kichwa na mkia likabaki kiini chake. Ukitafuta "cheka", linakuletea aliyecheka, watakaocheka, na yule maskini aliyechekwa.

Ili watumishi wajue kuitumia mashine hiyo kulikuwa na kitabu, Mwongozo wa Utafutaji, chenye maelezo na mfano mmoja mkubwa katikati ya ukurasa. Sasa, katika nchi nyingine mfano ni mfano tu. Hapa palikuwa na utaratibu wake. Zamani mheshimiwa mmoja alisema katika hotuba kwamba Serikali haichapishi mambo ya mchezo, watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo mfano wowote uliomo katika Mwongozo ukawa amri. Kila Jumatatu asubuhi, kila karani wa kila wilaya aliuandika mfano huo kwenye mashine kama ulivyo, herufi kwa herufi, na watu wote waliotajwa na mashine walikusanywa.

Mfano wa kwanza ulikuwa "mhogo". Aliyeuandika alikuwa na njaa tu siku hiyo, hakuwa na nia nyingine. Watu wote waliowahi kuandika mhogo walisombwa kwa malori hadi viwanja vya wilaya, wakapangwa juani, wakaambiwa, "Haya, semeni." Hawakuwa na la kusema, na waliowaambia waseme hawakujua wanataka kusikia nini. Kwa kuwa Mwongozo haukueleza namna ya kuwarudisha, wengine wako uwanjani mpaka leo. Wamejenga, wamezaliana, wameanzisha timu ya mpira. Mfano uliofuata ulikuwa "shangazi". Huo sitausimulia, kuna familia hazijapona.

Baada ya hapo wakubwa waliamua kwamba kila badiliko la mfano likaguliwe kabla ya kuchapwa. Mkaguzi alikuwa mwanamke aitwaye Sikitu binti Mwinchande, mtu wa makamo, mwenye miwani, na asiyepata usingizi kila Jumapili usiku. Badiliko lilimfikia mezani, mstari unaotoka umepakwa rangi nyekundu na unaoingia umepakwa kijani, na chini yake vijisanduku vitatu vya kutia alama. Cha kwanza kiliandikwa "Nimekubali". Cha pili, "Nimekubali kwa masharti". Cha tatu, "Nimekataa, na nyumbani kwangu ni", kikifuatiwa na nafasi ya kutosha kuchora ramani. Hakuna mkaguzi aliyewahi kutia alama kwenye kisanduku cha tatu, jambo lililoonesha, kama Waziri alivyopenda kusema, ubora wa mabadiliko.

* * *

Asubuhi moja Sikitu alifika kazini akakuta badiliko jipya. Nyekundu ilisema:

TAFUTA NENO 'karafuu' KATIKA maandishi_yote

Kijani ikasema:

TAFUTA NENO 'ogopa' KATIKA maandishi_yote

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. Neno lilikuwa palepale. Alinyanyuka akaenda chumba cha pili kwa Bwana Zakwani, mwandishi wa mifano, mtu mrefu mwembamba aliyekuwa na desturi ya kuzungumza huku akiangalia viatu vya mwenzake.

"Bwana Zakwani, mfano huu umetoka wapi?"

"Juu," alisema Zakwani, akaashiria dari kwa kidole.

"Ghorofani?"

"Juu zaidi, dada Sikitu. Mimi nimeandika tu. Mimi huandika tu, unanijua."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi, na Zakwani alikisimulia kwa sauti ya mtu anayesoma dua mazikoni. Mgeni mmoja wa nje alikuja kumzuru Mlezi Mkuu wa Taifa. Wakati wa kuondoka, kwenye uwanja wa ndege, alisema kwa nia njema kabisa kwamba nchi ni nzuri, matunda ni matamu, ila watu wanaonekana wanaogopa. Mlezi Mkuu hakula siku hiyo. Jioni alitoa tamko kwamba kuogopa ni kusingizia. Anayeogopa anaishtaki Serikali bila ushahidi na bila hata kufika mahakamani. Kwa hiyo waoga wote watafutwe, wapelekwe Kituo cha Utulivu, wakatulizwe.

Sikitu alikijua Kituo cha Utulivu. Jirani wa kwao, fundi redio, mtu wa maneno mengi na vicheko, alipelekwa huko akatulizwa. Alirudi ametulia kweli. Hukaa barazani tangu asubuhi, inzi anatembea juu ya jicho lake, naye hapepesi. Mkewe humgeuza mchana ili jua lisimpige upande mmoja tu.

"Utatia alama wapi?" Zakwani aliuliza viatu vya Sikitu.

"Kuna haja ya kuuliza?"

"Hapana. Nilikuwa nafanya mazungumzo tu."

Sheria ilimkataza mkaguzi kuujaribu mfano anaoukagua, kwa kuwa kuujaribu ni kuutilia shaka. Alitakiwa atazame nukta na mikato, basi. Lakini siku hiyo moyo wa Sikitu ulikuwa juu juu, na mtu mwenye moyo wa namna hiyo hufanya mambo ambayo mwenyewe hayaelewi. Alifunga mlango, akaisogelea mashine, akaandika mstari wa kijani, akabonyeza.

Karatasi ya pili katika orodha ilikuwa Wimbo wa Taifa. "Hatuogopi mvua, hatuogopi jua, hatuogopi adui." Mashine haikujali ile "hatu" ya mwanzo, ilikuwa imeshaikata. Sikitu nusura acheke.

Karatasi ya kwanza ilikuwa kadi ya kliniki. Ilikuwa na mistari miwili ya mwandiko wa muuguzi: "Mzee Mwinchande Tandala. Anaogopa sindano. Kaambiwa asiogope, akaogopa zaidi. Ameogopa hadi akatoka mbio." Kwa kuwa kadi huhesabiwa kuwa ya mgonjwa, tena ni fupi na neno limo mara nyingi, mashine, ambayo haijui utani wala haijui mzee wa watu, ilimhesabu kuwa mwoga namba moja katika nchi nzima, akiutangulia Wimbo wa Taifa.

Mzee Mwinchande Tandala alikuwa baba yake mzazi.

Sikitu alizima mashine kwa kuchomoa waya ukutani. Akakaa sakafuni kati ya kiti na meza, na hapo alikaa mpaka kengele ya chakula cha mchana.

* * *

Mzee Mwinchande alikuwa dereva mstaafu wa greda. Alichonga barabara za nchi hiyo akiwa kijana, jitu la mabega, mikono kama makasia. Aliwahi kuingia katikati ya moto wa nyika kuliokoa greda la Serikali, akapewa cheti. Kitu kimoja tu duniani kilimshinda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona mchana huu? Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza. Baba, mwaka jana ulipokwenda kliniki, ilikuwaje?"

Mzee alijikuna kidevu. "Yule binti alikuja na kitu kirefu namna hii. Nikamwambia nina shughuli nyumbani."

"Ukakimbia."

"Nilitembea kwa haraka."

Sikitu alimweleza, kwa kunong'ona, huku amefungua bomba la maji lichirizike kwenye ndoo ili jirani asisikie. Mzee alianza kwa kucheka. Alicheka mpaka alipofika mahali pa Kituo cha Utulivu, akatazama ng'ambo ya ua, kwenye baraza ya fundi redio, na kicheko kikamkauka.

"Lakini ni sindano, Sikitu. Sindano si Serikali."

"Sindano ni ya nani, baba? Kliniki ni ya nani?"

Mzee akavaa viatu.

Walikwenda wote wawili kliniki. Muuguzi, dada mwenye huruma aliyeandika bila ubaya wowote, alisikitika sana. Akasema kadi ikishaingia Ghalani haitoki, ila mgonjwa anaruhusiwa kuongeza maelezo. Mzee Mwinchande akafurahi, akaomba kalamu, akataka kuandika kwamba haogopi sindano, hajawahi kuogopa, na hataogopa. Sikitu akamdaka mkono kalamu ikiwa haijagusa karatasi. Kwa mashine, hayo yalikuwa maungamo mengine matatu.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Njiani mzee aliuliza swali moja tu. "Wakishamtuliza mtu, anakuwa bado anajua watoto wake?"

Sikitu aliongeza mwendo. Alikuwa anakitafuta kijisanduku cha nne.

* * *

Ukaguzi ulisomwa mbele ya Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Mtambalike Kaluwa, kwa kuwa mfano ulitoka juu. Profesa alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kengele, aliyebobea katika fani ambayo ilikuwa bado inatafutiwa jina. Alisimama, ingawa chumbani walikuwa watatu tu, akahutubia ukuta.

"Ndugu wananchi! Mfano huu si mfano. Ni kioo, ni taa, ni ungo! Tutaupepeta umma, waoga waruke, majasiri wabaki! Na hao waoga hatutawaonea. Tutawatuliza. Watatulia, na wasipotulia tutawatuliza tena! Mkaguzi, umekubali?"

Zakwani aliangalia viatu vya Waziri. Sikitu alisimama. Angeandika "nimekataa" angetakiwa kueleza sababu, na sababu yenyewe ingekuwa na lile neno ndani yake, nayo ingetiwa Ghalani kabla wino haujakauka, na Jumatatu baba na binti wangepanda lori moja.

"Nimekubali, Mheshimiwa," alisema. "Kwa masharti."

Waziri aliishusha mikono yake taratibu. "Masharti?"

Sikitu alikuwa hajafikiria masharti yoyote. Alichokuwa nacho ni miaka mingi ya utumishi, na katika miaka hiyo alijifunza kwamba hakuna kinachochelewesha jambo hapa nchini kama taarifa yake. Barabara ya kaskazini ilisubiri taarifa mpaka ikaota miti. Kama angepata miezi michache tu, angemvusha mzee mpaka wa nchi, hata kwa kumfunga kwenye mkokoteni wa nyasi.

"Kila karani, Mheshimiwa, kabla ya kuuendesha mfano, aandike taarifa. Aunukuu mfano kwenye utangulizi, aunukuu kwenye kiini, aunukuu kwenye hitimisho. Nakala iende kwa kila ofisi anayopakana nayo. Na kila ofisi ikipokea nakala, ijibu kwamba imepokea, kwa kunukuu ilichopokea."

Waziri alimtazama kwa muda mrefu. Kisha machozi yakamlengalenga Profesa Mtambalike Kaluwa.

"Taarifa," alisema kwa sauti ya chini. "Taarifa! Na majibu ya taarifa! Zakwani, kwa nini hatukulifikiria hili?"

"Mimi huandika tu, Mheshimiwa," alisema Zakwani.

* * *

Hesabu za Sikitu zilikuwa nzuri isipokuwa kwa jambo moja. Barabara ya kaskazini ilichelewa kwa sababu hakuna aliyeihofia barabara. Neno hili jipya lilikuwa jambo jingine. Kila karani aliyelisoma kwenye waraka alihisi limeandikwa kwa ajili yake, na akaona usalama wake uko katika kuwa wa kwanza kumaliza. Makarani hawakwenda nyumbani. Walinukuu, wakapeleka, wakapokea, wakajibu, wakajibiwa kwamba jibu limefika. Ofisi za posta ziliandika kwa ofisi za misitu, misitu ikaandika kwa mifugo, mifugo ikaandika kwa posta. Wilaya moja yenye ofisi moja tu ilijiandikia yenyewe na ikajijibu kwa ukali. Karatasi zote hizo, kwa sheria, zilimiminwa Ghalani.

Miezi aliyoitegemea Sikitu ikawa siku chache. Jumamosi Waziri alitangaza redioni kwamba masharti yote yametimia na kwamba Jumatatu mfano utaendeshwa nchi nzima. Sikitu alikuwa hajapata hata huo mkokoteni. Jumapili alishinda kwa baba yake. Mzee alimwonesha mahali alipoficha hati ya kiwanja, akamwelekeza namna ya kumfunga mbuzi mmoja mkorofi, kisha akanyoa ndevu vizuri, kama mtu anayesafiri.

Jumatatu asubuhi Sikitu alikaa mezani mikono ikiwa mapajani. Dirishani aliyaona malori ya Wizara yamepangwa, injini zinanguruma, watu wa kukusanya watu wamekwisha panda. Saa iliyopangwa ikafika. Makarani wote wa nchi wakabonyeza.

Injini ziliendelea kunguruma. Zikanguruma sana. Kisha moja ikazimwa, na nyingine, na nyingine, mpaka pakawa kimya kabisa, kimya kilichomtisha Sikitu kuliko mngurumo.

Mlango ulifunguliwa kidogo. Bwana Zakwani aliingia ubavu ubavu, rangi imemtoka.

"Mimi sijaja hapa," alisema.

"Sawa, hujaja. Kuna nini?"

"Mashine imesema hakuna kilichopatikana. Wilaya zote. Hata mmoja." Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimtazama usoni. "Dada Sikitu, kuna kifungu kule nyuma ya Mwongozo. Nilikiandika mwenyewe, nikasahau. Neno likizagaa kupita kiasi, likiwa limo katika zaidi ya nusu ya maandishi yote, mashine hulihesabu kuwa ni makapi, kama 'na', kama 'ya', kama 'kwa'. Hulipuuza. Zile taarifa zako zimelijaza neno kila mahali. Mashine hailioni tena. Wakijua..."

"Watazifuta taarifa, watatafuta upya."

"Na watauliza nani alitaka taarifa. Na nani aliandika kifungu."

Wakatazamana, watu wawili ambao hawakuwahi kuaminiana, kwa kuwa hapa kuaminiana hakukuwa kumepangiwa bajeti.

"Mimi huandika tu," alisema Zakwani, akatoka jinsi alivyoingia.

* * *

Nchi ilipewa siku ya mapumziko. Redio ilitangaza kwamba utafiti wa kisayansi umethibitisha kuwa hakuna mwoga hata mmoja ndani ya mipaka yetu, na kwamba yule mgeni wa nje alikuwa na matatizo ya macho. Bendi zilipiga. Watu walitoka nje wakacheza kwa tahadhari. Mzee Mwinchande aliwachinjia majirani kuku, akampelekea fundi redio paja, akamlisha kwa mkono wake. Usiku huo Sikitu alilala usingizi wa kweli, na hilo ndilo kosa lake, kwa maana alifikiri yamekwisha.

Siku ya pili yake gari jeusi lilisimama mlangoni kwake. Ndani alikuwemo Waziri, koti limelowa mgongoni, kengele ya sauti yake imepasuka.

"Panda, dada. Panda haraka. Mambo yameharibika."

Sikitu alipanda. Alihesabu moyoni kwamba wamejua. Alifikiria hati ya kiwanja, akamfikiria yule mbuzi.

"Mlezi Mkuu alifurahi sana," Waziri alieleza huku akijipepea kwa kofia. "Alifurahi mchana kutwa. Usiku alipokuwa anavua viatu akasimama, kiatu kimoja mkononi, akaniuliza, 'Kaluwa, hata mmoja?' Nikasema hata mmoja, Mtukufu. Akasema, 'Yaani hakuna mtu hata mmoja anayeniogopa?'" Waziri aliacha kujipepea. "Amejifungia. Amewafukuza walinzi, anasema kama hawamwogopi hawezi kulala nao nyumba moja. Amewaita wengine, hao nao amewafukuza. Hali chakula mpaka mpishi aapishwe. Anataka aletewe mtu mmoja. Mmoja tu anayeogopa. Asipopatikana leo, anasema Ghala zima lifumuliwe karatasi moja moja, ijulikane kosa liko wapi."

"Lakini wewe, Mheshimiwa? Wewe huogopi?"

"Mimi ni Waziri!" alifoka Profesa Mtambalike Kaluwa, akitetemeka mashavu. "Nimetia sahihi kwamba hakuna!"

Sikitu alitazama nje ya kioo. Likifumuliwa karatasi moja moja, taarifa zitaondolewa kwanza, na chini yake, juu ya karatasi zote za nchi, italala ile kadi ya kliniki. Aliongea kabla hajajizuia.

"Mimi naogopa, Mheshimiwa."

Waziri aligeuka. "Unasema kweli? Usinifurahishe bure."

"Naogopa tangu nilipopata akili. Naogopa hata sasa hivi."

Alimnyooshea mikono aone. Waziri aliishika, akaipima mtetemeko wake, akambusu kiganja.

* * *

Mlezi Mkuu wa Taifa hakufanana na picha zake. Picha zilikuwa kubwa. Yeye alikuwa mzee mfupi aliyevaa soksi, amekaa kwenye kiti cha enzi kilichosukumwa hadi kwenye pembe ya chumba ili mtu asiweze kupita nyuma yake.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mtukufu. Wa pekee nchini."

"Msogeze. Usimsogeze sana." Alimkagua Sikitu. "Unaniogopa?"

"Sana, Mtukufu."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake ulionekana magotini. Mlezi Mkuu alishusha pumzi ndefu. Uso ulimlainika. Akaomba uji, akaunywa wote. Hapohapo Sikitu aliteuliwa kuwa Mwogopaji wa Taifa, mwenye hadhi ya naibu waziri, kazi yake kusimama mbele ya Mlezi Mkuu kila asubuhi na kutetemeka mpaka kiongozi amalize kifungua kinywa. Hakuulizwa kama anataka. Hakuruhusiwa kurudi nyumbani wala kumpelekea mtu habari.

Lakini mtu aliyeanza kuona shaka haridhiki na mmoja. Mlezi Mkuu alikuwa akiinua macho kutoka kwenye bakuli. "Ni wewe peke yako," alizoea kusema. "Ukifa je?" Mwishowe aliamuru redio itangaze kwamba yeyote anayeogopa anakaribishwa langoni pa Ikulu, hatadhurika, na atapewa chai.

Hakwenda mtu. Watu si wajinga. Walikaa ndani, wakazima redio, wakasubiri wasikie nani atakwenda wamhurumie.

Siku ya pili ya tangazo, Sikitu akiwa amesimama mahali pake pa kazi karibu na dirisha, aliona mtu akija peke yake katikati ya barabara pana. Alikuwa mtu wa mabega. Alitembea polepole, na Sikitu alimtambua kabla hajauona uso.

Mlinzi wa lango alimpa karatasi na kalamu. "Andika unachoogopa, mzee."

"Siandiki," alisema Mzee Mwinchande, na sauti iliyozoea kushindana na injini ya greda ilipanda hadi ghorofani. "Nasema. Mimi naogopa! Naogopa mtamfanya nini binti yangu!"

Sikitu aliziba mdomo kwa mikono miwili. Alingoja lori. Alingoja mlinzi amdake. Mlinzi aliduwaa na karatasi yake mkononi, maana Mwongozo haukuwa na mfano wa jambo hilo.

Mlango mmoja ng'ambo ya barabara ukafunguliwa. Mwanamke akatoka, mikono ina unga. "Hata mimi naogopa," alisema, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa nguvu. "Naogopa nikisikia gari likisimama." Mwingine akatoka. Akatoka mwalimu, akasema anaogopa wanafunzi wake wasije wakamwuliza swali. Akatoka mke wa fundi redio akimwongoza mumewe kwa mkono. Wakatoka wa karibu, wakafuata wa mbali, wakatoka mpaka makarani, na miongoni mwao Bwana Zakwani akiwa ameinua kichwa. Kila mmoja alitangaza lake. Barabara ikajaa, na vichochoro vikajaa. Watu waliokuwa wamefichana neno moja maisha yao yote walikuwa wakilipaza huku wakitokwa na machozi.

"Unasikia?" Mlezi Mkuu alisema, ameinuka kutoka pembeni pake, anasogea dirishani kwa soksi zake, anatabasamu. "Unasikia wanavyoniogopa? Wote! Wote hawa!"

"Nasikia, Mtukufu."

Ndipo kelele zikapungua. Hakuna aliyeamuru. Mtu mmoja alinyamaza, akageuka kumtazama aliyesimama kushoto kwake, kisha wa kulia. Na jirani yake akafanya vivyo hivyo. Mwisho barabara yote ilikuwa kimya, vichwa vinageuka, kila mtu anamtazama mwenzake na kuona walivyo wengi.

"Mbona wamenyamaza?" aliuliza Mlezi Mkuu.

"Wanatazamana, Mtukufu."

"Wanatazamana kwa nini? Waambie waendelee. Waambie wasiache."

Kule chini vichwa vilianza kuinuka, kimoja kimoja, kuelekea dirishani. Mlezi Mkuu alirudi hatua moja nyuma, akamshika Sikitu mkono kama mtoto anayevushwa barabara. Mkono wa mzee yule ulikuwa wa baridi, unatetemeka. Sikitu aliutazama wake uliokuwa ndani ya mkono huo, akashangaa kuuona umetulia.